Paka Wote wa Butembo ni wa Serikali

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka 2001, majeshi ya nchi sita yakiwa bado yanapigana katika ardhi ya Kongo, Serikali ilitangaza mjini Butembo kwamba imeanza kushughulikia mavi ya paka.

Tangazo lenyewe halikusema mavi. Bwana Roger, Mkuu wa Bureau ya Amani ya Ujirani, hakuruhusu neno hilo lipite kwenye mashine yake ya kuandikia. Aliandika “Mabaki ya Kibiolojia ya Paka”, na kuanzia ukurasa wa pili, ili kuhifadhi utepe wa wino uliokuwa wa mwisho, M.K.P. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa Bureau, kwenye ukuta wa soko na mbele ya parokia. Lilisema kwamba amani huanzia uani kwa jirani, kwamba M.K.P. ndani ya bustani ya mtu mwingine ni uvamizi, na kwamba uvamizi wa aina yoyote hautavumiliwa. Askari wa nchi jirani waliopiga kambi kando ya barabara walilisoma, hawakuona linawahusu, wakaendelea kupika.

Roger alikuwa mtu wa Kananga. Aliletwa Butembo na serikali ya Zaïre. Serikali ile ikaanguka, ikaja nyingine, nayo ikafukuzwa, ukaja Mouvement wa waasi wenye makao yake Beni. Chini ya zote tatu Roger alibaki mezani pake, akabadilisha tu picha ukutani. Mkuu wake alikuwa amepanda lori la Kirumba miaka mitatu nyuma, akisema anakwenda kununua karatasi, na tangu siku hiyo Roger alikuwa Mkuu wa Bureau a.i., maana yake anashikilia kiti kwa muda mpaka mwenyewe apatikane. Herufi hizo mbili zilimuuma kama jiwe ndani ya kiatu. Nyumba aliyolala ilikwenda na kiti, na kiti hakikuwa chake.

Basi mwezi wa saba ilikuja kutoka Beni barua ya Commissaire Bertrand, mkubwa wa utawala wote wa Mouvement. Ilisema kwamba kama ifikapo mwisho wa mwezi wa nane hakutabaki hata mgogoro mmoja wa ujirani mjini Butembo, a.i. itaondolewa. Kama utabaki mmoja, kiti kitapewa mtu mwingine. Mtu huyo mwingine, shemeji yake Bertrand, alikuwa amekwisha kupita nyumbani kwa Roger kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Roger alifungua kabati la mafaili. Migogoro ilikuwa mia moja na nne, na yote ilikuwa ya paka.

Jambo hilo lilikuwa na sababu zake, na Roger, ambaye aliheshimu sababu, alizipanga vizuri katika taarifa yake. Kabla ya vita watu wa Butembo waliweka mavuno kwenye ghala nje ya nyumba. Ghala la nje likawa duka la kila mwenye bunduki. Watu wakahamishia maharagwe chini ya vitanda. Panya wakayafuata. Watu wakatafuta paka. Wakati huohuo njia za mashambani zilifungwa na wapiganaji, na kila mtu akalima uani kwake: kabichi, vitunguu, na poro, ndugu mrefu wa kitunguu. Paka ni mnyama safi, hajisaidii mahali asipoweza kufukia. Katika mji mzima ardhi laini ilikuwa imebaki ndani ya bustani tu. Kwa hiyo, iliandika taarifa, M.K.P. ni matokeo ya moja kwa moja ya hali ya usalama.

Faili ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu Kahongya dhidi ya Mama Anne-Marie. Roger alikwenda mwenyewe kufanya ukaguzi, pamoja na katibu wake Syauswa aliyebeba kamba ya kupimia. Mwalimu Kahongya alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na miwili. Sasa alilima poro kulisha watu kumi na mmoja, nusu yao wakiwa ndugu waliokimbia kutoka Mbau. Aliwapokea na daftari.

“Chef, karibu. Plati-bandi ya tatu, tuta ile kule. Poro kumi na ine zimelala chini. Njo kazi ya Planton.” Huko “njo” maana yake “ndiyo hiyo”.

“Planton ni nani?”

“Paka ya Mama Anne-Marie. Alimupa jina ile ya mulinzi wa bureau, sababu anakaaka mbele ya mulango, hafanye kitu, na anakuangalia vibaya.”

Sauti ikatoka ng'ambo ya uzio. “Mwalimu! Ulimuona na macho yako?”

“Nilimuona, Mama. Saa kumi na mbili na dakika kumi.”

“Na alikuwa anafanya nini?”

“Mama, mutu anainama ndani ya poro yangu, anaangalia mbingu sawa mwenye kusali, na weye unauliza anafanya nini?”

Anne-Marie alitokea kwenye pengo la uzio, mikono imejaa sabuni. “Chef, sikiliza. Chini ya kitanda yangu iko mifuko mbili ya maharagi ya mbegu. Panya ya Butembo haiogope basoda na bunduki yabo, haiogope ata padri. Planton akienda, mwezi wa tisa nitapanda nini? Nitapanda panya?”

“Hakuna anayesema aende,” Roger alisema. “Sheria itasema tu yeye ni wa nani.”

Usiku na mchana wa siku mbili aliandika Kanuni. Ibara ya kwanza iliamuru kila mwenye paka amwandikishe Bureau. Ibara ya pili hadi ya sita zilieleza paka ni nini. Ibara ya saba ndiyo aliyoipenda zaidi: “Mwenye paka ataondoa M.K.P. kwa mkono wake mwenyewe, kwa jembe dogo, kabla ya saa moja asubuhi, na atasimamisha tena kila mche ulioanguka. Hairuhusiwi kutuma mtu.” Roger aliujua mji. Bila maneno hayo matajiri wangetuma watumishi, na adhabu isiyotia aibu si adhabu.

“Chef,” Syauswa alisema baada ya kuipiga kwa mashine, “ibara ya saba iko kali.”

“Haitanigusa. Sina paka.”

Daftari la kuandikishia lilikuwa na kurasa mia nne. Lilifunguliwa Jumatano saa mbili. Ijumaa jioni lilikuwa na jina moja, la Roger, aliyekuwa amejaribu kalamu.

Jumamosi akatoka mwenyewe kuhesabu. Kwenye baraza la Anne-Marie alimkuta mwenye nyumba amekaa, na mapajani mwake paka mkubwa wa kijivu anakula dagaa kutoka kiganjani mwake.

“Mama, paka huyu ni wa nani?”

“Gani?”

“Huyu.”

Anne-Marie akatazama mapaja yake kwa mshangao. “Ah. Huyu. Sijue, Chef. Anapitaka tu.”

“Juzijuzi uliniambia anaitwa Planton.”

“Niliuliza jina yake, njo alinijibu vile. Mais lakini kumujua, hapana.”

“Mbona unamlisha?”

“Chef, weye ni mukristo. Mugeni akifika kwako na njaa, utamuuliza papier, kitambulisho yake?”

Hali ilikuwa hiyo avenue nzima. Paka walilala kwenye vitanda, walibebwa mgongoni kama watoto, mmoja alikuwa na kengele shingoni; na hakuna aliyekuwa na mwenyewe. Syauswa aliandika hesabu kwa uaminifu: paka waliokutwa, mia mbili sitini na watatu, wenye paka, sifuri. Alitembea nyuma ya mkuu wake na uso wake ulikuwa mtupu kabisa. Nyumbani kwake alikuwa na wawili.

Roger hakulala vizuri. Ila asubuhi aliamka na jibu, nalo lilikuwa zuri kiasi kwamba alisimama kitandani. Katika sheria ya nchi tangu zamani za Wabelgiji, kitu kisicho na mwenyewe ni cha Serikali. Basi na paka pia. Atangaze kwamba kila paka asiyeandikishwa ni mali ya Serikali, na watu, wakiogopa kunyang'anywa, watakimbia kuandikisha. Ndani ya siku tatu kila paka atakuwa na mtu, kila mtu atakuwa na jembe, na kabati litakuwa tupu.

Azimio lilihitaji saini ya Beni. Lilikwenda na kurudi ndani ya siku mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Commissaire Bertrand alikuwa amelipenda. Miaka mitatu Mouvement ulikuwa ukiomba dunia nzima iuite Serikali, na hapa ilikuwa karatasi iliyoita hivyo bila kuombwa. Kila mahali Roger alipoandika “Mouvement” kwa heshima, Bertrand alikuwa amekata na kuandika “Serikali” kwa wino mwekundu. Tena alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe mwishoni: “Mahali popote, Serikali ni yule mkubwa wake kupita wote aliyepo hapo, na ataheshimiwa hivyo.” Hilo lilikuwa kwa ajili ya safari zake, maana mara ya mwisho alipopita Butembo hakuna aliyemvulia kofia.

Azimio lilisomwa Jumapili katika misa zote, baada ya matangazo ya ndoa. Waamini walisikiliza kwa makini. Wengine walionekana wakihesabu kwa vidole.

Jumatatu alfajiri kulikuwa na foleni mbele ya Bureau mpaka kwenye kona. Roger aliiona kupitia dirisha, akafurahi. Alifunga tai. Alifungua daftari ukurasa wa kwanza, akafuta jina lake.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Kahongya.

“Umekuja kuandikisha, Mwalimu?”

“Kushitaki, Chef.”

“Mama Anne-Marie tena?”

“Hapana. Yeye hana paka. Nimeshitaki Leta.” Hivyo ndivyo watu wa huko wanavyoiita Serikali. Akafungua daftari lake. “Leo saa kumi na mbili kasoro dakika tano, paka ya Leta ameingia ndani ya plati-bandi ya tatu. Poro sita. Nimeleta na kopi ya azimio. Inasema mwenye paka ni Leta, na Leta ni mukubwa mwenye kuwa hapa.” Akavua miwani, akamtazama Roger kwa upole, kama alivyowatazama wanafunzi waliokaribia kupata jibu. “Hapa Butembo, mukubwa ni nani?”

Nyuma yake walikuwa mia tatu na kumi na moja wengine, wote na kopi. Anne-Marie alikuwa katikati ya foleni. Yeye hakuwa katika hesabu hiyo, maana hakushitaki. Alitaka tu Bureau ijue kwamba agenti mmoja wa Leta, cheo planton, anafanya kazi ya ulinzi kwake mchana na usiku, na mpaka leo hajapewa chakula.

“Niko namusaidia na dagaa,” alisema. “Mais Leta ifikiri.”

Roger alikuwa na kasoro nyingi, lakini aliamini karatasi. Isitoshe, mgogoro mmoja tu ukibaki, mapazia ya shemeji yatapanda madirishani. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alikuwa ndani ya bustani ya Mwalimu, amekunja suruali, na jembe dogo la kuazima.

“Leta imefika!” watoto walipiga kelele.

Watu walitoka kuona. Hawakucheka, walisimama kwa adabu, wengine na kikombe cha chai. Mzee mmoja alisema kwamba tangu enzi za Wabelgiji hajawahi kuiona Serikali ikiingia kwa mtu na kutoka bila kuku.

“Leta, hapa umesahau moja,” Mwalimu alionyesha.

“Hii si ya paka, Mwalimu. Ni udongo.”

“Nusa.”

Roger alinusa. Haikuwa udongo.

Kufikia saa moja alikuwa amemaliza bustani tisa kati ya mia tatu kumi na mbili. Kina mama walimshukuru kwa Kinande, “Wasingya, Leta,” na mmoja alimpa kabichi. Siku zilizofuata alifika kumi na moja, kisha kumi na mbili. Alikuwa anajifunza kushika jembe. Lakini paka walifanya kazi kwa kasi kuliko Serikali, na tarehe ishirini na tatu, mikono imejaa malengelenge, Roger aliandika Beni kuomba mwongozo.

Mwongozo ulikuja wenyewe, ndani ya jipu la kijeshi. Commissaire Bertrand aliingia Butembo tarehe ishirini na nane saa nne asubuhi, na askari wanne, na miwani ya jua. Alikuwa mtu wa Équateur, aliyesomea uhandisi wa maji, na alipokasirika Kilingala kilitoka kwanza. Alimkuta Mwalimu Kahongya amekaa mbele ya Bureau na kopi yake.

“Monsieur le Commissaire,” Mwalimu alisema akisimama, “tangu saa ine, ulipopita barrière ya barabara, njo weye.”

“Njo miye nini?”

“Leta.” Akamwonyesha ule mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa wino mwekundu. “Mukubwa kupita wote. Kesho mbele ya saa moja tunakungojea. Kwangu Chef Roger amerudia mpaka plati-bandi ya pili.”

“Likambo nini oyo?” Bertrand alimgeukia Roger. “Jambo gani hii? Miye nishike mavi?”

“M.K.P., Monsieur le Commissaire,” Roger alisema.

Waliingia ndani, wakafunga mlango. Bertrand alisoma Kanuni, alisoma azimio, alisoma saini yake mwenyewe mara mbili kama mtu anayetafuta kasoro katika mkono wa mwizi. Kisha akatulia. Hakuwa mjinga. Akasema kwamba, tukiangalia mambo kwa utulivu, mikataba yote iliyotiwa saini ugenini inasema Serikali ya nchi iko Kinshasa. Mouvement ni mouvement. Watu wana malalamiko juu ya Serikali? Wayapeleke Kinshasa.

“Barabara ya Kinshasa inapita kwenye mstari wa vita,” Roger alisema.

“Donc basi, hawatarudi kutusumbua. Andika.”

Syauswa aliweka karatasi kwenye mashine, na Commissaire akatamka kwa sauti thabiti Hati namba 118: “Sisi tuliotia saini hapa chini tunathibitisha kwamba Serikali haipo mjini Butembo, wala katika maeneo yote yaliyo chini ya ulinzi wetu, na kwamba yeyote anayedai kuwa Serikali hapa anajidanganya.” Saini. Muhuri. Kopi mia tatu na kumi na mbili, moja kwa kila mlalamikaji.

Mashitaka yalipokosa mshitakiwa, yalifungwa yote alasiri ile. Kabati likawa tupu. Bertrand, ambaye alitimiza ahadi inapokuwa rahisi, aliamuru Barua namba 119: Bwana Roger amethibitishwa Mkuu wa Bureau, bila a.i. Roger aliibeba barua nyumbani mkononi, wazi, ili wino usiguswe. Aliangalia madirisha yake kwa muda mrefu.

Kesho yake saa moja na nusu bendera ilipandishwa mbele ya Bureau kama kila siku. Butembo, bendera inapopanda, kila kitu husimama: mtembeaji husimama, baiskeli husimama, mama aliyejitwika ndizi husimama nazo kichwani, na ole wake anayekohoa. Askari alipuliza filimbi. Bertrand alikuwa kwenye ngazi, mkono kwenye paji la uso.

Chukudu moja, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ilishuka kilima na magunia matatu ya kabichi, ikapita kati ya bendera na Commissaire. Mwenye chukudu alisalimu, “Bonjour, bakubwa.” Nyuma yake akapita mama na ndizi, kisha wanafunzi, kisha mbuzi.

“Simama! Bendera ya Leta!” askari alifoka.

Mama wa ndizi aligeuka bila kupunguza mwendo. “Leta hayiko, mutoto yangu. Soma.” Kopi ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya kitenge chake.

Saa tatu habari zilikuja kutoka kizuizi cha barabara ya Kirumba: kina mama wanainua kamba wenyewe kwa mkono mmoja, wanapita, na wanaishusha tena taratibu ili isimpige askari aliyelala. Saa nne, watu waliolazimishwa kubeba masanduku ya kikosi cha askari waliyaweka chini katikati ya njia, wakauliza kwa adabu masanduku ni ya nani. Saa tano, afisa wa kikosi hicho aliuliza kwa redio kama mapinduzi yamefanyika, na kama yamefanyika, yeye yuko upande gani.

Bertrand aliingia Bureau kama upepo. “Futeni ile karatasi! Sasa!”

Mwalimu Kahongya alikuwa ndani tayari. Alikuwa amekuja kwa jambo dogo la utaratibu.

“Chef Roger,” alisema, “nimeona barua yako. Namba 119. Mais hati ya kusema Leta hayiko ni 118. Nimehesabu mara mbili. Leta iliisha mbele, weye ukathibitishwa nyuma. Mutu hawezi kubatizwa kama padri amekwisha kupanda lori.”

Roger alizitazama karatasi mbili mezani. Mwalimu alisema kweli. Hesabu haina kabila. Na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi ya utumishi, Mkuu wa Bureau alifikiri kwa haraka.

“Monsieur le Commissaire,” alisema, “inawezekana kufuta. Hati namba 120: Serikali ipo. Lakini ikiwepo, azimio linarudi, na ibara ya saba inarudi. Serikali ni mkubwa kupita wote aliyepo.”

“Unataka kusema nini?”

“Nasema sheria. Serikali ikiwepo, ina paka.”

Nje chukudu nyingine ilipita bila kusimama. Magurudumu yake ya mbao yalisikika mpaka chini ya kilima. Bertrand alivua miwani ya jua. Macho yake yalikuwa madogo kuliko walivyotarajia.

“Bustani ngapi?” aliuliza.

“Mia tatu kumi na mbili,” Mwalimu alisema. “Mais tunaanza na yangu.”

Bertrand alitia saini namba 120. Roger alisukuma chini ya kalamu hiyohiyo namba 121, inayomthibitisha upya, naye Bertrand akaitia saini bila kuisoma, kwa maana alikuwa anatazama viatu vyake.

Asubuhi iliyofuata watu walijaa kwenye uzio wa Mwalimu kuliko siku ya Pasaka. Commissaire aliinama ndani ya poro na jembe dogo, askari wake wanne wakiwa wamepewa amri ya kutazama upande mwingine.

“Polepole, Leta,” Mwalimu alisema. “Usikanyage mizizi. Ile ilikuwa poro. Sasa siyo poro tena.”

“Roger!” Bertrand aliita, meno yameumana. “Kuja saidia.”

Roger alikuwa kando, suti imepigwa pasi. “Ibara ya saba, Monsieur le Commissaire. Kwa mkono wake mwenyewe.”

Anne-Marie alimshika Planton juu ili aone. “Angalia, mukubwa wako njo huyu,” alimwambia. Saa moja na nusu filimbi ya bendera ililia, na kilima kizima kikasimama, chukudu, ndizi na mbuzi. Ilikuwa lazima kukiri kwamba Serikali ilikuwepo. Kila mtu alikuwa ameiona.

Bertrand angependa kurudi Beni mchana huohuo. Lakini Syauswa alikuwa mtu wa kazi na alikuwa ametuma kopi za azimio mpaka Beni, na mkewe Bertrand, Élodie, alimpelekea ujumbe kwa dereva wa lori: mbele ya lango lao wamekaa watu mia mbili wenye bustani, wametulia, wameleta jembe jipya, na wanauliza anarudi lini. Basi alibaki Butembo. Asubuhi ya nne, mgongo umepinda, aliingia Bureau na karatasi aliyoiandika mwenyewe, maana hakutaka Syauswa aione. Aliomba, kwa sababu za afya, apelekwe mstari wa mbele wa vita. Alikuwa ameuliza vizuri. Huko hakuna bustani.

Kila ombi la uhamisho lilihitaji maoni ya Mkuu wa Bureau ya mahali. Roger aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Miaka mitatu alikuwa ametia saini kila kitu na zile herufi mbili zikining'inia pembeni kama mkia. Hii ingekuwa karatasi ya kwanza bila mkia. Alichovya kalamu. “Maoni: ndiyo, haraka,” aliandika, kisha jina lake, kisha cheo chake, na baada ya cheo nukta moja nene. Akapiga muhuri, akapuliza wino, akaifunga ndani ya bahasha, akampa askari wa jipu, na jipu likaondoka na Commissaire ndani yake kabla muhuri haujakauka.

Roger alisimama mlangoni akitabasamu.

“Chef,” Syauswa alisema nyuma yake, akifunika mashine kwa kitambaa, “Commissaire akiisha kwenda, hapa Butembo mukubwa kupita wote ni nani?”

Ng'ambo ya barabara Mwalimu Kahongya alikuwa anakuja, bila haraka, na jembe begani.